Ng'ombe wa Ukoo, Maziwa ya Jirani: Ufugaji wa Busale na Nyanda za Kyela

Barabara kuu inayotoka Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, kuelekea mpaka wa Malawi pale Kasumulu, huupita mji wa Tukuyu ulio katika mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kisha huteremka kwa kona nyingi kati ya mashamba ya chai, migomba na hatimaye mikakao, hadi kwenye tambarare ya Kyela, ambako uso wa Ziwa Nyasa umelala chini ya mita 500. Safari hiyo haizidi saa mbili, lakini anayeisafiri huvaa sweta asubuhi akiwa Tukuyu na kulivua kabla hajafika bondeni, ambako joto, unyevu na harufu ya udongo uliolowa humpokea kwa pamoja. Busale ni mojawapo ya kata za vijijini za wilaya hiyo ya Kyela. Mtu anayekwenda huko akitafuta jamii ya wafugaji, huku kichwani akiwa na picha ya Umasai au Usukuma, yaani uwanda mkavu, vumbi na kundi la ng'ombe linaloziba njia, anaweza kuimaliza ziara yake bila kutambua kwamba amekwisha kuwapita wafugaji wengi. Ng'ombe wapo, ila wamefichwa na migomba: mmoja nyuma ya nyumba hii, watatu nyuma ya ile, kila mmoja amefungwa kamba iliyokazwa kwenye kigingi, akitafuna majani aliyoletewa.

Ni vema kulitenga mapema neno "ranchi", ambalo kwa matumizi ya Tanzania humaanisha eneo kubwa la malisho lenye mipaka na mmiliki mmoja, aghalabu dola au kampuni, ambamo mifugo huzalishwa kwa ajili ya nyama. Kampuni ya Ranchi za Taifa, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake NARCO, iliundwa mwaka 1968 ili kuendesha maeneo ya aina hiyo, na mojawapo ya ranchi zake mashuhuri, ile ya Kongwa mkoani Dodoma, ipo katika nchi ambako Waingereza walijaribu kulima karanga kwa matrekta kuanzia mwaka 1947 na kushindwa vibaya. Kyela haina ranchi ya namna hiyo, na isingeweza kuwa nayo, kwa kuwa haina ardhi iliyo wazi. Hata ufugaji wa kuhamahama, uliokuwa na makundi makubwa katika bonde la Usangu upande wa pili wa milima, kabla ya amri ya mwaka 2006 iliyowaondoa wafugaji na mifugo yao katika ardhi oevu ya Ihefu, haukuwahi kuota mizizi huku. Katika nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, wale wa Kyela ni wachache mno kuweza kuonekana katika hesabu. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja, wageni walioandika juu ya pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa wamekuwa wakimrudia ng'ombe huyu mmoja mmoja, nao walikuwa na sababu.

Mazingira yenyewe ndiyo yaliyouweka ufugaji huu katika umbo lake. Upande wa mashariki, Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, kwa kuwa ni ukingo wa Bonde la Ufa uliopasuka na kuachwa juu wakati sakafu ya bonde iliposhuka. Upande wa kaskazini, Mlima Rungwe, ambao ni volkano iliyolala yenye kimo kinachokaribia mita 3,000, umeigawia nchi majivu yaliyogeuka kuwa udongo mweusi wenye rutuba. Upepo unaovuka ziwa huku umebeba unyevu hugonga kuta hizo na kumwaga mvua, hivyo kwamba sehemu kadhaa za Rungwe na Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho wakulima wa Dodoma wangehitaji miaka mitatu au zaidi kukipata. Maji hayo hurudi ziwani kwa mito minne mikubwa, yaani Songwe iliyo mpakani, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ambayo yote hufurika kati ya mwezi Machi na Mei na kutandaza tope jipya juu ya majaruba ya mpunga. Kwa mkulima wa mpunga mafuriko ya kadiri ni baraka. Kwa ng'ombe ni miezi ya kusimama katika unyevu, ambamo kwato huoza na kupe huzaliana. Kwa kuwa wakati huohuo kila kipande cha ardhi tambarare kimepandwa mpunga, na jirani yeyote ana haki ya kudai fidia pale ng'ombe wa mwenzake anapouingia, kamba na kigingi ni vya lazima kama jembe.

Kumweka ng'ombe karibu na mtu si jambo jipya. Balozi mdogo wa Uingereza, James Frederic Elton, alipita kaskazini mwa ziwa mwaka 1877, miezi michache kabla ya kufariki dunia akiwa Ugogo, na Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyerithi uongozi wa msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia baada ya mkuu wake kufia njiani, alifika mwaka 1879. Thomson, ambaye kabla ya hapo alikuwa amevuka nchi nyingi zilizochoshwa na vita na njaa, alivutiwa kupita kiasi na migomba iliyopandwa kwa mpangilio, nyua zilizofagiliwa na ng'ombe walionenepa, akaiona nchi hiyo kuwa karibu na paradiso. Maelezo yake yanapaswa kusomwa kwa tahadhari, kwa sababu mgeni aliyechoka huona paradiso popote penye kivuli na maziwa. Hata hivyo, wamisionari wa Kijerumani, Wamoraviani na wale wa Berlin, waliofika mwaka 1891 na kukaa, walithibitisha sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Walizikuta nyumba za mianzi na matete, na walikuta kwamba ng'ombe hawakulazwa katika boma la miiba nje, kama ilivyo desturi ya nchi kavu, bali walifungwa ndani usiku, mara nyingi chini ya paa lilelile walilolala wenye nyumba. Mpangilio huo uliwakinga ng'ombe na baridi ya mvua pamoja na chui, ukawapa watu joto, na kila asubuhi ukaacha samadi umbali wa hatua chache kutoka kwenye shina la mgomba. Mgomba nao ulirudisha deni: majani yake na shina lake lililokatwakatwa ni chakula cha ng'ombe wakati wa uhaba. Mzunguko huu mfupi, wa zizi na mgomba kulishana, bado unafanya kazi nyuma ya nyumba za Busale, ijapokuwa paa sasa ni la bati na ng'ombe ana kibanda chake.

Jambo lililoifanya jamii hii ijulikane katika vyuo vikuu vya dunia, hata hivyo, si nyumba zake bali wavulana wake waliochunga. Godfrey na Monica Wilson, mume na mke waliokuwa wanaanthropolojia, yaani wachunguzi wa maisha na taratibu za jamii za watu, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa nchi hii, kati ya mwaka 1934 na 1938, wakisaidiwa kwa kiasi kikubwa na Leonard Mwaisumo, mwenyeji aliyewafungulia lugha na milango ya watu, na ambaye mchango wake ulichelewa sana kutambuliwa. Walichokikuta, na ambacho Monica Wilson alikieleza katika kitabu Good Company kilichotoka mwaka 1951, ni vijiji vilivyokaliwa na watu wa rika moja badala ya watu wa ukoo mmoja. Mvulana wa miaka sita au saba alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake pamoja na watoto wa majirani, wakiunganisha mifugo ya nyumba kadhaa kuwa kundi moja. Alipofika miaka kumi au kumi na mmoja, aliondoka katika nyumba ya wazazi, akaenda na wachungaji wenzake pembezoni mwa kijiji cha baba zao, wakajenga vibanda vyao vya matete na kulala huko. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, lakini walikula kwa zamu na kwa pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, kundi zima. Vibanda hivyo vya watoto, miaka ilivyokwenda na wenyewe walivyooa, viligeuka kuwa kijiji kamili.

Takriban mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe iliyoitwa ubusoka, maana yake kutoka au kujitokeza, ambapo kizazi cha wana wa chifu, aliyeitwa malafyale, kilikabidhiwa nchi, wakuu wapya wa vijiji wakateuliwa, na wazee wakasogea pembeni kuwapisha. Ni utaratibu wa kustaajabisha kwa jinsi ulivyowalazimisha wenye mamlaka kuachia ardhi wakiwa bado hai, na hapana shaka kwamba utekelezaji wake ulikuwa na manung'uniko kuliko kitabu kinavyodokeza. Sababu ya kuwatenga vijana na wazazi ilielezwa na wenyeji wenyewe kuwa ni adabu: haikufaa kijana aliyebalehe kulala karibu na wazazi wake, wala mkwe wa kike kukutana na baba mkwe wake, ambaye mkwe huyo alitakiwa kumkwepa njiani na hata kuepuka kulitamka jina lake. Sambamba na adabu palikuwa na thamani nyingine iliyoitwa ukwangala, neno linalokusanya kukaa pamoja, kula pamoja, kunywa kimpumu (pombe ya ulezi inayofyonzwa kwa mrija) na kuzungumza kwa uungwana na watu wa rika lako. Aliyekula peke yake hakuwa amekula vizuri.

Hapa ndipo ng'ombe anapoonyesha uzito wake. Ardhi ilipatikana kwa kuwa mwanakijiji, miongoni mwa marika, lakini ng'ombe walikuwa mali ya ukoo, nao ndugu wa ukoo walitawanyika katika vijiji mbalimbali kwa sababu kila mmoja aliishi na rika lake. Ng'ombe alimfuata ndugu: mtu alipofariki, mali yake haikwenda moja kwa moja kwa mwanawe bali kwanza kwa mdogo wake wa baba na mama, na ilipokwisha kuzunguka katika kizazi hicho ndipo ikashuka kwa wana. Ng'ombe walitoka kwa binti aliyeolewa wakaenda kumwolea kaka yake mke. Bila ng'ombe kuvuka kutoka nyumba moja hadi nyingine, ndoa haikuhesabiwa kuwa ndoa. Katika mazishi ng'ombe walichinjwa, wakwe walikuja na wa kwao, na wingi wa nyama ulipimwa kama heshima kwa marehemu. Kwa hiyo mfugaji aliyefunga ng'ombe wanne nyumbani mwake alikuwa, kwa kweli, amefunga sehemu ya hesabu ndefu ya madai na madeni iliyokuwa imesambaa toka milimani hadi ziwani, na ambayo mtu mmoja hakuweza kuimaliza.

Maziwa na nyama, kinyume chake, vilibaki kijijini. Mtungi wa maziwa mgando ulipowekwa, waliokaa kuuzunguka walikuwa majirani wa rika, wasiokuwa na haki yoyote juu ya ng'ombe aliyeyatoa. Pengo hili kati ya mwenye ng'ombe na mwenye kunywa ndilo lililozaa wasiwasi mkubwa kuliko wote katika maisha ya kijiji, na Wanyakyusa waliuzungumza kwa lugha ya uchawi. Mchawi kwa maelezo yao alikuwa mtu mwenye chatu tumboni, na tamaa iliyomsukuma ilikuwa ya chakula: aliruka usiku akaguguna matumbo ya majirani na kunyonya viwele vya ng'ombe wao, hata asubuhi maziwa yakakauka. Katika makala aliyoichapisha mwaka huohuo wa 1951, Monica Wilson alilinganisha imani hiyo na ile ya Wapondo wa Afrika Kusini, aliowachunguza kabla ya kuja Tanganyika, akaonyesha kwamba huko uchawi ulihusishwa na ashiki kwa kuwa watu waliishi na ndugu zao na kuzungukwa na miiko ya kuoana, ilhali kwa Wanyakyusa, walioishi na wasio ndugu, ulihusishwa na njaa ya nyama na maziwa. Hoja hiyo inaweza kupingwa katika sehemu zake, lakini inaangaza jambo moja ambalo mgeni wa leo bado anaweza kulihisi: katika nchi yenye ndizi za kutosha na mchele unaonukia, hakuna aliyemwonea jirani yake kijicho kwa ndizi.

Picha hii safi ya vijiji vya rika imehojiwa. Simon Charsley, katika The Princes of Nyakyusa (1969), aliupitia upya ushahidi juu ya machifu na mgawanyo wa nchi, akaonyesha kwamba historia ilikuwa na vurugu na mabadiliko kuliko mfumo uliochorwa na akina Wilson ulivyoruhusu. Hata jina la kabila lina historia yake, kwani mwanzoni Wanyakyusa walikuwa hasa watu wa tambarare ya ziwani, na likapanuliwa na utawala wa kikoloni kuwajumuisha Wakukwe na wengineo wa milimani. Inafaa kukumbuka pia kwamba ng'ombe waliohesabiwa katika miaka ya 1930 walikuwa kizazi kilichofuata baada ya sotoka, ugonjwa wa virusi ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kuua mifugo kwa kiwango kisichowahi kuonekana, na ambao ulitangazwa rasmi kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011.

Kuvunjika kwa vijiji vya rika hakukuhitaji amri ya mtu. Utaratibu wa kuhamisha makazi kila kizazi ulitegemea kuwapo kwa ardhi ya akiba na mazao yasiyodumu. Kahawa ilipopandwa milimani na mpunga ulipogeuka kuwa zao la biashara tambarare, hapakuwa tena na mzee aliyekuwa tayari kuacha mibuni yake au jaruba lake kwa ajili ya sherehe. Vijana nao, badala ya kukaa pembezoni mwa kijiji wakisubiri ng'ombe wa baba, walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, kisha kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini, wakarudi na fedha ambazo ziliwawezesha kuoa mapema zaidi kuliko baba zao walivyopenda. Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na hivyo ubusoka ukakosa hata mtu wa kukabidhiwa nchi. Pigo la mwisho, lililo la kimyakimya na pengine lenye manufaa kuliko yote, lilikuwa elimu ya msingi kwa wote, iliyotekelezwa kuanzia mwaka 1977: mchungaji wa miaka saba aliingia darasani, na ng'ombe akabaki nyumbani bila mchungaji.

Ufugaji unaoonekana leo katika kata kama Busale ni jibu kwa upungufu huo wa watoto na wa ardhi. Ng'ombe wa asili, yule zebu mdogo mwenye nundu, ambaye baada ya ndama kushiba humwachia mwenyewe lita moja au mbili kwa siku, hufungwa kamba kando ya njia au katika kipande cha nyasi kisicholimika, na kuhamishwa kigingi mara mbili au tatu kutwa. Pale penye ng'ombe chotara wa maziwa, ufugaji ambao umeshamiri zaidi Rungwe kwenye baridi kuliko bondeni, mnyama hatoki bandani kabisa. Hukatiwa mabingobingo, yaani yale majani marefu yafananayo na matete, hupewa pumba za mpunga, na hudai maji mengi kuliko familia nzima. Joto la Kyela halimpendi, na kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa unaovimbisha tezi na kuua haraka, humpenda kupita kiasi, hivyo mwenye kumfuga bondeni anapaswa kumwogesha kwa dawa bila kuchoka au kuwa tayari kuzika. Maziwa yake huuzwa kwa lita. Jirani anayekuja na chupa na fedha hana deni lolote anapoondoka, na ni vigumu kuamua kama jambo hilo ni hasara au nafuu kwa jamii iliyowahi kuogopa macho ya majirani juu ya viwele.

Mshindani mpya wa ng'ombe ni kakao. Kyela ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, na mti huu, unaopenda kivuli, joto na mvua, umeingia chini ya migomba na kujaza nafasi zile zilizokuwa za nyasi. Bei ya zao hilo katika soko la dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, kwa sababu ya mavuno mabaya ya Ghana na Côte d'Ivoire, mkulima wa Kyela hakuhitaji bwana shamba kumweleza thamani ya kipande cha ardhi alichomwachia ndama. Ng'ombe hakufukuzwa, kwa sababu shina la kakao nalo hupenda samadi. Amesogezwa tu karibu zaidi na ukuta wa nyumba. Mahari, kwa upande wake, bado hutajwa kwa idadi ya ng'ombe, hata pale kinachopokewa ni fedha taslimu, na hivyo kila mwaka ng'ombe wengi ambao hawakuwahi kula jani hata moja huvuka kutoka ukoo hadi ukoo, wakiongozana na wachache wenye kwato.

Mpunga hukatwa kuanzia mwezi Mei, na kufikia Juni, mito ikiwa imerudi katika kingo zake, majaruba hubaki na mabua yaliyosimama hadi kwenye goti na nyasi mbichi zinazochipua katikati. Kwa majuma machache hakuna zao la kulindwa, mipaka ya majaruba hupoteza ukali wake, na vigingi hung'olewa. Kwa bahati ya kalenda, shule nazo hufungwa Juni. Basi watoto wa nyumba mbalimbali huwafungulia ng'ombe wa nyumba mbalimbali, wawili wa hapa na mmoja wa pale, huwaunganisha njiani kuwa kundi moja, na kuteremka nao kuelekea upande wa ziwa, ambako mawingu ya inzi wadogo huinuka juu ya maji kama moshi wa shamba linalochomwa. Jioni hurudi wakiwa wamechelewa, na watoto hao hula pamoja katika nyumba ya kwanza wanayoifikia.